Mzee Aliona Nini Angani?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka nikurudishe kwenye ubishi mmoja niliousikia nikiwa kijana pale Tandika, wilayani Temeke, na ambao hadi leo haujanitoka. Ulikuwa ubishi juu ya kitu kilichoonekana angani wakati wa vita. Ubishi wenyewe ulizuka wakati wa vita vya Kagera, lakini kitu chenyewe kilionekana katika vita vingine kabisa, vile vya Mjerumani na Mwingereza vya 1914 hadi 1918, ambavyo wazee wetu waliingizwa bila kuulizwa.

Ilikuwa mapema Aprili 1979. Majeshi yetu yalikuwa yanaikaribia Kampala, na kila jioni watu walikusanyika penye redio kusikiliza habari za mstari wa mbele. Siku chache nyuma ndege ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuwa imekwenda kuishambulia Mwanza. Shabaha yake ilikuwa matangi ya mafuta. Ikakosa, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Leo mtu anaweza kulisimulia jambo hilo kwa kicheko. Siku zile hatukucheka sana. Ikiwa ndege ya adui imeweza kufika Mwanza, ni nani wa kuizuia isifike Dar es Salaam? Nasi wa Temeke, ambao ndege za abiria hutupita juu ya mapaa zikienda kutua, tukawa tunainua vichwa kila tusikiapo mvumo. Mama mmoja wa mtaa wetu aliingia uvunguni mwa kitanda na wanawe wawili kwa sababu ya ndege ambayo, kama ilivyokuja kujulikana, ilikuwa imeleta abiria tu.

Jioni moja tulikuwa barazani kwa jirani yetu. Muuza kahawa alikuwa ameshaweka dele lake chini, bao limesimama kwa sababu ya taarifa ya habari, na mazungumzo yakawa ni ndege tu. Palikuwapo mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa vitabu, ambaye hakupenda kusikia neno lisilo na ushahidi. Palikuwapo fundi baiskeli, ambaye yeye aliamini karibu kila kitu, na sababu za kuamini hakukosa. Na palikuwapo Mzee, mtu wa upande wa Masasi, aliyekuja Dar es Salaam zamani kabla hata Tandika haijawa mji. Kwa kawaida alikuwa mkimya. Siku hiyo akasema:

"Wanangu, mnaogopa ndege mnayoijua. Mimi katika vita vya Mjerumani nilifuatwa na kitu nisichokijua."

Akatusimulia. Alikuwa kijana hajaota ndevu. Wajerumani walimkamata yeye na wenzake wakawabebesha mizigo. Siku hiyo walikuwa wanatoka upande wa Chiwata kuelekea Kitangari, kule Newala, mvua za kwanza zikiwa zinanukia. Jua liliposhazama, wa nyuma wakaanza kunong'ona. Alipogeuka akaona taa mbinguni, upande wa machweo, nyeupe na kubwa, wala haikumetameta kama nyota nyingine. Walipokwenda nayo ilikwenda. Waliposimama ikasimama. Na palikuwa na mvumo, alisema, mvumo kama wa nyuki walio mbali. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Mwingereza ameleta dude lake. Hapo mistari ikavunjika, mizigo ikatupwa, kila mtu akashika njia yake porini. "Na mimi sikurudi tena," akamaliza Mzee, akaomba kahawa.

Sasa ndipo ubishi ulipoanza, na nitakueleza kama nilivyousikia, maana pande zote mbili zilikuwa na maneno.

Mwalimu alimjibu kwa adabu. "Mzee wangu, uliyoiona ilikuwa Zuhura, ile nyota ya jioni. Ukitembea usiku wa mbalamwezi, mwezi haukufuati? Ukisimama hausimami? Kitu kilicho mbali sana ndivyo kinavyoonekana kwa mtembeaji."

Fundi baiskeli akaruka. "Mwalimu, watu wa shamba wameiona Zuhura tangu wako mgongoni mwa mama zao. Leo iwatishe hadi watupe mizigo ya Mjerumani, huku wakijua adhabu yake? Na tangu lini nyota ikavuma?"

Hilo lilikuwa pigo, na watu waliguna. Mama muuza vitumbua akasema hakuna haja ya kubishana, jini ni jini. Mwalimu hakumjali, akamgeukia fundi: "Na ndege za abiria hatuzioni kila siku hapa Temeke? Mbona juzi mtu kaingia uvunguni? Hofu ikishakaa moyoni, jicho hutafuta pa kuiweka." Fundi akamwambia kwamba hata hivyo aliyekuwapo ni Mzee, wao hawakuwapo.

Mimi, kwa ujana wangu na elimu yangu ya kidato, nikataka nami nionekane. Nikamuuliza Mzee kama kile kitu kilikuwa na namba za usajili. Baraza zima likaangua kicheko. Mzee hakukasirika, au hakuonyesha. Alisimama, akaivuta kanzu yake iliyokuwa imeteleza, na pale juu ya bega la kushoto nikaona sugu kubwa, ngumu, kama ya ng'ombe wa mkokoteni. Akaaga, akaenda zake. Miaka michache baadaye alifariki.

Nilikuwa nimeshahamia Kinondoni, na nina familia, nilipokutana na habari iliyonifanya niseme moyoni: kumbe Mzee alikuwa kweli! Ni habari ya meli ya angani ya Wajerumani iitwayo L 59, na kwa kuwa wengi wetu hatukufundishwa shuleni, naomba niieleze kwa kituo.

Kufikia mwaka 1917 jeshi la Wajerumani katika nchi hii, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lilikuwa limesukumwa hadi kusini kabisa. Dar es Salaam ilikuwa imeanguka tangu 4 Septemba 1916. Bahari ilikuwa ya Mwingereza. Risasi zilikuwa zinakwisha, dawa zinakwisha, na hakuna meli ya Mjerumani iliyoweza tena kupenya. Ndipo daktari mmoja aliyewahi kutumikia makoloni, Max Zupitza, akatoa wazo: ikiwa bahari imefungwa, mbona anga halijafungwa? Berlin ikakubali. Mpango ukapewa jina la siri la kupoteza maboya, wakauita Jambo la China.

Meli hizi za angani, zilizoitwa Zeppelin kwa jina la muasisi wake, hazikuwa ndege kama tuzijuazo. Zilikuwa mfano wa sigara kubwa mno, mifupa yake ya madini mepesi, ngozi yake ya kitambaa, na tumboni zimejazwa gesi ya haidrojeni iliyo nyepesi kuliko hewa. Ya kwanza iliyotayarishwa kwa safari ya huku, L 57, iliharibiwa na dhoruba ikaungua Oktoba 1917 kabla ya kuondoka. Wakaandaa ya pili. L 59 ilikuwa na urefu wa mita 226 na kitu, yaani viwanja viwili vya mpira wa miguu vikiunganishwa, na injini tano.

Ilipakiwa mizigo ipatayo tani 15: bunduki za mtombo 30, risasi mamia kwa maelfu, dawa, bandeji, barua. Na haikutarajiwa kurudi, maana huku hakukuwa na gesi ya kuijaza upya. Hata mwili wake ulikuwa mzigo. Kitambaa kingeshonwa mahema na nguo, mifupa ingesimamishwa kuwa minara ya simu ya upepo, hata ngozi ya njia ya kupitia mabaharia ingekatwa kuwa viatu. Mtu aliyepanga hayo alikuwa amefikiri sana. Mtu wa Tandika angesema hakuna kilichotupwa isipokuwa kelele.

Iliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, nahodha wake akiwa Ludwig Bockholt. Ikavuka Uturuki, ikavuka bahari ya Mediterania, ikaingia jangwa la Misri. Mchana hewa ya moto iliirusha juu na kuishusha, usiku baridi iliibana gesi na kuifanya nzito, hata ikakaribia kugonga ardhi. Mabaharia waliumwa vichwa, wakapata homa, na wengine, katika ule mng'ao wa mchanga usio na mwisho, wakaanza kuona vitu visivyokuwapo. Naomba msikilizaji ukiweke kichwani kipande hiki, kwamba waliokuwa ndani ya chombo cha angani nao waliona mauzauza.

Usiku wa kuamkia 23 Novemba, ikiwa imeshapita zaidi ya nusu ya safari na iko magharibi ya Khartoum, ikapokea ujumbe wa simu ya upepo kutoka kwao. Ujumbe ulisema irudi: adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za juu za Makonde, na Kitangari tayari iko mikononi mwake.

Kitangari! Nilipolisoma jina hilo nilisimama. Kijiji alichokitaja Mzee barazani, kule Temeke, mbele ya watu wanaokula kashata, ndicho kilichotajwa katika ujumbe wa siri uliopita juu ya jangwa la Sudan. Kwa nusu saa hivi nilikuwa nimeshaandika kichwani barua ya kumwomba radhi marehemu. Alikuwa njiani kwenda Kitangari, mwezi ule ule, na chombo kikubwa cha angani kilikuwa kinakuja Kitangari.

Lakini msikilizaji umeshauona ugumu. Kilikuwa kinakuja, hakikufika. Kutoka pale kilipogeukia hadi Newala ni kama kilometa 3,000. Bockholt aligeuza, na tarehe 25 Novemba akatua Jamboli, baada ya saa 95 hewani bila kutua na mwendo wa kilometa 6,757, na bado alikuwa na mafuta ya siku mbili na zaidi. Ilikuwa safari ya ajabu kwa wakati ule, na haikuleta hata sindano moja. Jamaa wa kusini hawakuona hata kivuli chake.

Palizuka baadaye hadithi kwamba ujumbe ule wa kurudi ulikuwa wa uongo, kwamba wapelelezi wa Kiingereza waliuvumbua na kuurusha kwa hila. Hadithi hii inapendwa sana na wasimulizi wa mambo ya ujasusi. Kwa maoni yangu haina miguu. Amri ilitoka kwa wakuu wa Kijerumani wenyewe, na yaliyosemwa ndani yake yalikuwa kweli: nyanda za Makonde zilikuwa zinapotea, na siku ile ile L 59 ilipotua Bulgaria, Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano. Hata ingekuja ingewapelekea Waingereza zawadi. Meli yenyewe haikuishi muda mrefu. Tarehe 7 Aprili 1918, ikiwa njiani kwenda kuipiga Malta, ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, wote waliokuwamo wakafa, na hakuna adui aliyedai kuwa ndiye aliyeitungua.

Basi nikabaki nimekwama katikati. Kulikuwa na chombo cha kweli ambacho hakuna mtu wa huku aliyekiona, na kulikuwa na mtu wa huku aliyeona chombo.

Nilipoisimulia habari hii kwa majirani zangu wa Mwananyamala, nilidhani nimeimaliza. Kumbe nimewasha moto mpya. Kijana mmoja, mpenzi wa mambo ya visahani virukavyo, akatoa simu yake na kutuonyesha picha. Ilikuwa ya mji wa Los Angeles, Marekani, usiku wa 25 Februari 1942: taa kubwa za kumulika angani zimekutana mahali pamoja, na pale zilipokutana pana kitu cheupe. "Mzee wenu hakuwa peke yake," akasema.

Kisa cha Los Angeles nakijua, na kinafaa kuwekwa kando ya kile cha Kitangari. Japani ilikuwa imeipiga Pearl Harbor Desemba 1941. Tarehe 23 Februari 1942 nyambizi ya Kijapani ilijitokeza pwani ya California na kupiga mizinga kwenye eneo la mafuta la Ellwood. Hasara ilikuwa ndogo, lakini hofu haikuwa ndogo. Usiku wa pili wake, saa nane na dakika 25, ving'ora vya Los Angeles vililia. Taa za mji mzima zikazimwa. Saa tisa na robo hivi mizinga ya kutungulia ndege ikaanza kufyatua, ikaendelea kwa karibu saa nzima, ikarusha makombora zaidi ya 1,400. Asubuhi ilipofika hakuna bomu lililokuwa limeangushwa wala ndege iliyokuwa imetunguliwa. Watu watano walikuwa wamekufa, wengine kwa ajali za magari gizani, wengine kwa moyo kusimama.

Na hapo wakubwa wakabishana kama sisi barazani. Waziri wa Majini, Frank Knox, akasema ilikuwa hofu tupu. Waziri wa Vita, Henry Stimson, akasema huenda zilikuwapo ndege, pengine hata 15. Vita vilipokwisha Wajapani walieleza kwamba hawakurusha ndege yoyote usiku ule. Mwaka 1983 wanahistoria wa jeshi la anga la Marekani walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa baluni za kupimia hali ya hewa. Baada ya hapo moshi wa makombora yenyewe, ukimulikwa na taa, ukawa ndio shabaha ya makombora mengine. Ile picha nayo ilikuwa imepakwa rangi gazetini ili itoke vizuri, kama ilivyokuwa desturi ya magazeti ya zamani. Na jina la visahani virukavyo halikuwapo usiku ule. Lilizaliwa Juni 1947, rubani mmoja wa Kimarekani aliposimulia aliyoyaona, na ndipo watu wakarudi nyuma kukibatiza upya kisa cha 1942.

Kijana wangu hakukubali. Akaniambia hao waliosema ni baluni ndio hao hao waliopiga mizinga, na mtuhumiwa hawi hakimu. Nikamwambia si neno baya. Akaongeza kisa cha hapa kwetu: Februari 1951 ndege ya abiria ya East African Airways, ikitoka Nairobi kwenda Mombasa, rubani wake na abiria waliona kitu king'aacho kama chuma kimesimama juu ya Kilimanjaro, wakakitazama kwa dakika nyingi. Huyo hakuwa mpagazi mwenye njaa, alikuwa rubani. Ni kweli, kisa hicho kiliandikwa na magazeti wakati ule. Mimi nasema tu kwamba urubani haumfanyi mtu jicho lake lisidanganyike. Mabaharia wa L 59 walikuwa wamechaguliwa kwa umahiri, na jangwa liliwachezea.

Tena kuna jambo ambalo wenye kuamini hawapendi kulisikia. Vita vikitangazwa, anga hujaa. Agosti na Septemba 1914, vita vilipoanza, watu wa Afrika Kusini waliripoti kuona usiku ndege zenye taa kali, wakaamini ni za Wajerumani wa Afrika Kusini Magharibi. Wajerumani wale walikuwa na ndege chache sana, wala haziwezi kwenda umbali huo usiku. Miezi hiyo Zuhura ilikuwa inawaka magharibi baada ya jua kutua. Februari 1915 Ottawa, mji mkuu wa Kanada, ilizimwa taa usiku, hata bunge likawa gizani, kwa kuwa watu walikuwa wameona vyombo vya adui vikivuka mpaka. Vilikuwa baluni za karatasi zenye fataki, zilizorushwa na watu waliokuwa wakisherehekea ng'ambo ya mto, upande wa Marekani.

Na sasa nimalizie deni la Mwalimu. Zuhura hurudi mahali pake angani baada ya kila miaka minane, ikipungua siku mbili au tatu tu, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Nimehesabu. Novemba 1917 Zuhura ilikuwa nyota ya jioni, iko mbali na jua karibu kadiri iwezavyo kuwa mbali, iking'aa magharibi kwa saa kadhaa kila jioni. Mtu atokaye Chiwata kwenda Kitangari huelekea mashariki. Machweo huwa mgongoni. Ile taa aliyoiona Mzee nyuma yao, nyeupe, isiyometameta, iliyokwenda walipokwenda, Mwalimu aliitaja kwa jina lake bila hata ya kalenda.

Fundi naye hakuwa mtupu. Mvumo wa nyuki hautoki kwa nyota, lakini unatoka kwa injini. Waingereza walirusha ndege katika nchi hii tangu Novemba 1914, walipokuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye mikondo ya Rufiji, na ndege kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga iliyoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Mwaka 1916 kikaja kikosi cha anga namba 26, cha marubani wengi wa Afrika Kusini. Kwa hiyo wapagazi wa 1917 walikuwa wanajua kwamba mvumo wa angani una maana gani: huja bomu, au huja mizinga baada yake. Mimi nasadiki kwamba Mzee aliisikia ndege kweli, siku moja au nyingine, na kwamba miaka 60 iliunganisha mvumo wa siku ile na taa ya jioni hii. Na fundi alikuwa sahihi juu ya jambo jingine: watu wale hawakuikimbia nyota waliyoizoea. Walikimbia kwa sababu walikuwa na sababu ya kukimbia tayari, na nyota ikawapa nafasi.

Hapo ndipo ninapojilaumu, ndugu msikilizaji. Siku ile Tandika tulimuuliza Mzee kuhusu taa: ilikuwa kubwa kiasi gani, ilikuwa na mbawa, ilikwenda wapi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa amebeba nini.

Tufanye hesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Tani 15 za L 59 ni kilo 15,000. Yaani ile meli yote ya mita 226, na injini zake tano, na jina lake la siri, ilikuwa imebeba mizigo ya wapagazi 600. Na kama ingefika, wapagazi hao hao ndio wangeibeba kuanzia hapo, pamoja na mifupa yake. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma alikuwa na Wazungu wapatao 300, askari 1,700 hivi, na wapagazi na wafuasi wengine kama 3,000. Ujumbe wa simu ya upepo uliwataja adui, Wareno na askari. Hao wengine hawakuwamo.

Upande wa Waingereza haukuwa na nafuu. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi wao waliokufa ni karibu 100,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani waliwakamata watu vijijini kadiri walivyopita, na hawakuweka hesabu kamili ya waliokufa. Jina la Kariakoo, tunakokwenda kununua nyanya na vitenge, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kilichopiga kambi pale. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja wapagazi, ila aliyesimama juu ana bunduki. Mwenye mzigo hayupo.

Majuzi nilikuwa na shughuli Temeke, nikapita Tandika. Baraza halipo tena, pamejengwa fremu za maduka. Nikamkuta mjukuu wa Mzee, mtu mzima sasa, anauza vipuri vya pikipiki. Nilipomtajia babu yake alicheka kwa furaha.

"Babu yetu ndiye aliyeona kisahani wakati wa Mjerumani," akasema. "Watu wote wa mtaa huu wanajua."

Nikamuuliza kama babu aliwahi kumwambia wenzake walikuwa wangapi, na wangapi walifika. Akafikiri, akatikisa kichwa. Nikamuuliza kuhusu ile sugu ya begani.

"Ile?" akasema. "Tulipokuwa wadogo alikuwa anatuacha tuikalie, akitubeba. Alisema mahali pale hapaumi tena."